Chura Mwenye Mkia

Chura hana mkia. Mtoto yeyote aliyewahi kuchezea mifereji ya mashamba ya mpunga analijua hilo. Lakini Gamadoro, zimwi letu la chura lililotoka kwenye matope ya mto Tama likauvamia mji, alikuwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, na sababu ni moja tu: kampuni yetu ya filamu ilikuwa hoi kwa ukata. Mwaka uliotangulia tulipiga filamu ya mjusi mkubwa, na vazi lake likabaki stoo. Mwongozaji wetu, mzee Okabe, akasema, "Mkateni kichwa huyo, mbandikeni cha chura." Tukamuuliza, na mkia je? Akatukodolea macho. "Mkia? Nani atauangalia mkia?"

Basi ngoja nikwambie nani aliuangalia.

Mimi naitwa Kinuyo. Wakati ule nilikuwa msichana wa zipu. Usicheke, ilikuwa kazi. Vazi la zimwi ni mpira na sponji, zito, linanuka gundi na jasho la mwaka jana, na zipu yake iko mgongoni. Aliye ndani hawezi kujifungia wala kujifungulia. Ukishamfunga, hasikii vizuri, akisema husikii anachosema, na anaona kwa kitundu kidogo kilichotobolewa kooni mwa chura. Uhai wake uko mikononi mwa msichana wa zipu. Aliyekuwa ndani ya Gamadoro ni kaka Hagiwara, mtoto wa mkulima wa mapeasi kutoka Tottori, mbali na Tokyo, mpole mpaka unataka kumfinya. Alikuwa akifunga kichwani kitambaa cha buluu ili jasho lisimwingie machoni, na mimi ndiye niliyekuwa nakifua.

Nilimpenda. Nalisema wazi maana sasa ni bibi kizee na hakuna wa kunizuia. Nilimpenda hivi kwamba nikimfunga zipu nilikuwa naivuta polepole, na wenzangu wakinizomea, "We Kinu, unafunga zimwi au unafunga zawadi?" Yeye alikuwa anacheka tu kimya kimya, mabega yakitikisika. Hakusema kitu, na mimi na mdomo wangu wote huu sikusema kitu.

Kisha baba yake akapooza upande mmoja, na ikajulikana kwamba filamu ikiisha yeye, mtoto mkubwa, anarudi nyumbani kushika shamba. Ilikuwa imebaki siku moja ya kupiga, siku ya kuuvunja mji.

Ule mji tulikuwa tumeujenga kwa plasta na vijiti, nyumba kimo cha goti, nyaya za umeme za uzi, treni ya kuchezea. Na kila mtu alijua sharti lake: mji ni mmoja. Zimwi likishapita, mji umekwisha, hakuna hela ya kujenga mwingine. Ukikosea, kosa lako linabaki kwenye filamu milele. Wakati wa chakula, wenzangu wakila bento zao, mimi nilikuwa najenga nyumba yangu mwenyewe pale kona, chini ya bomba la moshi la bafu la umma. Nyumba ndogo, paa la kijivu, na kamba ya nguo mbele. Kwenye kamba nilianika kipande cha kitambaa chake cha buluu. Nilikikata kwa siri, na yeye akazunguka siku mbili akiuliza panya gani kamtafunia kitambaa.

Asubuhi ile nilipokuwa namfunga, nikamwambia mgongoni. Mgongoni, ndiyo, kwa sababu mbele nisingethubutu.

"Kaka Hagi, unanisikia? Usigeuke! Ile nyumba ya kona, penye bomba la bafu, yenye kitambaa cha buluu. Ile ni yangu. Kama unataka niende na wewe Tottori, iruke. Ukiiruka, kesho asubuhi utanikuta stesheni na sanduku langu. Kama hutaki, ikanyage, yaishe, wala tusisumbuane."

Mabega yakatulia. Akaanza kugeuka, nami nikavuta zipu mpaka juu, chwaa! Sikutaka kuuona uso wake. Nilitaka jibu, ila nilitaka linifikie kwa mbali, niweze kuvumilia.

Nilipanga nisimame mahali pangu pa siku zote, karibu na kamera, niangalie mguu. Lakini mvutaji wa mkia alikuwa ameteguka kiuno alfajiri ile. Mkia wenyewe ulikuwa unachezeshwa kwa nyaya kutoka kwenye jukwaa la juu, darini. Mzee Okabe akaangaza macho, akaniona nimesimama mikono mitupu.

"Wewe wa zipu! Panda juu, shika mkia!"

"Mimi? Mzee, mimi nina kazi hapa chini."

"Kazi gani? Umeshamfunga. Panda, bwana, moto unawashwa!"

Nikapanda, huku nikimtukana moyoni yeye na ukoo wake. Moto ukawashwa, moshi ukajaa. Kule juu sikuona zimwi wala mji, nilikuwa nakohoa tu na kuvuta waya nilipopigiwa kelele. "Mkia kushoto! Mkia! Zungusha, zungusha, umelala?" Nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Kisha nikasikia, "Kata!" na watu wakapiga makofi.

Nilishuka ngazi nusu nikiruka. Nikakimbilia kona. Bomba la bafu limesimama, na nyumba yangu chini yake imesagika, unga mtupu, na kile kitambaa cha buluu kimefukiwa kwenye plasta.

Yeye walikuwa wamemtoa kwenye vazi, wamemkalisha kwenye sanduku la misumari, wanammwagia maji. Alikuwa mwekundu kama kaa aliyechemshwa. Aliponiona akatabasamu, tabasamu kubwa la mtu aliyetua mzigo. Mimi nikasema moyoni, ala! Unanikanyaga halafu unanichekea? Nikamtupia taulo usoni, nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu. Hasira zangu mimi zinakaa puani, hata marehemu mama alikuwa anasema. Kesho yake asubuhi nilikaa nyumbani nikisugua masufuria yaliyokwisha kung'aa, treni zikipita. Sikulia. Nililia wiki iliyofuata, nilipokifua kitambaa kilichobaki.

Kampuni ikafilisika kabla filamu haijatoka. Hakuna aliyeiona. Baadaye niliolewa na mtu mwema, fundi wa mikeka ya tatami, nikaishi naye vizuri, na alipofariki nilimlilia kwa haki. Lakini kila msimu mapeasi yakifika sokoni, yale ya Tottori yenye ngozi ya kijani, nilikuwa nayashika, nayageuza, nayarudisha. Mwenye duka alikuwa ananiuliza, "Mama, una ugomvi na hayo mapeasi?" Namjibu, "Yaache tu."

Sasa juzi nimekwenda kununua tofu, naona tangazo ukutani pa ile sinema ndogo ya mtaani kwetu. Chura mwenye mkia. Nikaegemea baiskeli ya mtu. Filamu iliyopotea, wameandika, nakala yake ya majaribio imepatikana kwenye stoo ya sinema kongwe iliyobomolewa, itaonyeshwa Jumapili asubuhi.

Nikaenda. Nilivaa kimono yangu ya kijivu, kama mtu anayekwenda arusini. Nilitaka kuona kitu kimoja: alipoikanyaga nyumba yangu, aliikanyaga vipi? Alisita? Au alipita tu kama anayekanyaga gazeti? Nimelala na swali hilo tangu ujana. Mume wangu akikoroma pembeni, mimi niko kona ile, chini ya bomba.

Ukumbi ulikuwa umejaa vijana. Zimwi lilipotoka mtoni tu, mmoja akapiga kelele, "Jamani, chura ana mkia!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nyaya zinaonekana, wakacheka. Dereva wa treni amegandishwa na gundi kichwa chini, wakacheka, na mimi nikacheka, maana niliyemgandisha ni mimi. Zipu ikaonekana mgongoni, wakapiga makofi. Hapo nikakasirika. Nikamwambia kijana aliyekaa pembeni yangu, "Cheka, lakini ujue mtu alikuwa humo anaiva kama kiazi." Akaniinamia, "Samahani, bibi."

Lakini na wao walinyamaza. Kuna mahali Gamadoro anasimama katikati ya moto, anainamisha kichwa upande mmoja, kile kichwa cha kubandika chenye jicho moja lisilofumba vizuri, na ghafla si mpira tena. Ni kiumbe aliyepotea njia na hajui amuulize nani. Nikasikia mtu nyuma yangu anavuta makamasi. Ndivyo zilivyo filamu hizi: unamcheka, unamcheka, halafu unamwonea huruma na hujui imekuingia saa ngapi.

Kisha akafika kona.

Niliona doa la buluu kwenye kamba. Niliona mguu ule mzito unainuka. Unainuka juu zaidi ya ulivyokuwa unainuka kwa nyumba nyingine, mpaka vazi linakunjamana kiunoni na zimwi linayumba karibu lianguke. Mikono inatapatapa hewani. Mguu unapita juu ya paa, unatafuta mahali, unatua upande wa pili, taratibu, kama mtu anayeruka mtoto aliyelala. Nyumba imesimama. Kitambaa kinapepea.

Aliiruka. Mungu wangu, aliiruka.

Na kabla sijavuta pumzi, mkia ukaja kutoka kushoto. Ukazunguka kwa nguvu zote, ukaipiga nyumba yangu, ukaisambaza. Yeye hakugeuka. Hakuweza kujua. Aliendelea na safari yake, mabega yakitikisika ndani ya mpira, na mimi peke yangu pale ukumbini nilijua kwamba anacheka.

Vijana walicheka pia. Ilichekesha kweli, zimwi linaruka nyumba halafu linaivunja kwa mkia.

Watu walipotoka nilibaki kwenye kiti. Binti aliyeleta filamu, Mio jina lake, akanijia. "Bibi, uko salama? Nikuletee chai?"

"Yule wa ndani ya vazi," nikamuuliza, "yuko wapi?"

Akapiga magoti pembeni ya kiti changu. "Mzee Hagiwara? Alifariki majira haya ya kuchipua, bibi, huko Tottori. Nilimtembelea mwaka jana, akanilisha mapeasi mpaka nikashindwa kutembea. Filamu ilikuwa bado haijapatikana, hakuwahi kuiona." Akaniangalia usoni. "Ulimfahamu?"

"Nilikuwa namfunga zipu."

Mio akaziba mdomo. Kisha akasema, "Kuna kitu alinituma. Alisema nikiipata filamu, nimtazamie nyumba moja ya kona yenye nguo za buluu kama ilisalimika. Alisema, 'Mguu niliuinua, hilo nina hakika. Lakini ndani ya lile vazi huoni kitu. Labda niliikanyaga bila kujua. Ningeiruka sawasawa, mwenyewe angekuja.' Nikamuuliza mwenyewe nani, akacheka tu."

Nilikuwa namwona stesheni ya Tokyo na begi lake, anaangalia ngazi, treni inapigiwa filimbi, na yeye anaangalia mguu wake mwenyewe, anauuliza mguu.

"Mwanangu," nikasema, "unaweza kuirudisha pale? Pale kona tu."

"Naweza, bibi. Siku hizi iko kwenye kompyuta."

Akairudisha. Moshi, bomba la bafu, doa la buluu. Mguu ukainuka, ukayumba, ukapita juu ya paa, ukatua.

"Simamisha!"

Akasimamisha. Nyumba yangu imesimama, kitambaa kimeganda kwenye upepo, na yeye yuko upande wa pili, mzima, amenichagua. Pembeni kushoto ya skrini ncha ya mkia ilikuwa ndiyo kwanza inaingia.

"Niendelee, bibi?"

"Hapana. Iache hapo hapo. Njoo ukae." Akaja, akakaa, akanishika mkono. Nikauangalia ule mkia ambao mzee Okabe alisema hakuna atakayeuangalia, na mikono yangu iliyouvuta ikiwa mapajani.

"Lakini chura hana mkia," nikamwambia Mio. "Au wewe ulishawahi kuona? Chura hana mkia, jamani."