Shikamoo ya Bosi

Mimi Flora jambo likinikera silimezi, na ghala zima la ufuta hapa Lindi linajua. Kwa hiyo niseme wazi: Dominick, msimamizi wetu wa zamani, nilimchukia. Alikuwa akipita katikati yetu sisi wanawake wa kupepeta ufuta, anasubiri aamkiwe. Hata na Mzee Sipriani, kuli mwenye mvi kichwa kizima, ambaye angeweza kumzaa. "Kazini hakuna mzee, kuna bosi," ndivyo alivyosema. Na mzee wa watu anainama: "Shikamoo, bosi." Naye, bila haya, anaitikia marahaba!

Dominick alipohamishiwa ghala la Kilwa, tukaletewa Restuta, binti wa mtaa wa Rasbura, wa miaka ishirini na sita. Nilinuna. Funguo za ghala nilizitamani mimi, tena nilizistahili. Lakini asubuhi ya kwanza yule binti alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Sipriani.

"Shikamoo, babu. Leo tuanze wapi?"

Mzee akageuka nyuma kutazama anaamkiwa nani. Ilibidi nimtikise bega.

Tangu hapo hatukufokewa tena, tukawa tunaulizwa. Na kazi ilikwenda, wala hakuna aliyejificha chooni.

Habari zikamfikia Bwana Kornelio, mwenye ghala. Alikuja amefura.

"Unawaamkia makuli? Watakupanda kichwani! Nikija tena nikasikia bosi anampa kuli shikamoo, kazi huna."

"Nimesikia," Restuta akasema, basi.

Tulijua anamsomesha mdogo wake kwa mshahara ule. Tukamsihi, tajiri akija, ampite mzee kimya tu, hatutamwona vibaya. Mzee Sipriani mwenyewe alimwomba.

Bwana Kornelio alirudi siku ya kupakia lori la Mtwara. Akasimama mlangoni, mikono mfukoni. Restuta akampita. Akaenda hadi kwa mzee, akasema kwa sauti ya kusikika barabarani: "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu," mzee akajibu.

Ndipo Restuta akamgeukia tajiri. "Shikamoo, Bwana Kornelio."

Hakuitikia. Alimpokonya funguo, akaangaza macho huku na huku, akanirushia mimi.

"Flora! Kuanzia leo msimamizi ni wewe. Waambie wapakie."

Nikazidaka. Miaka yote ile ya kuzitamani, leo ziko kiganjani mwangu. Makuli wananitazama, dereva ananitazama. Roho iliniuma, siwafichi.

Nikamwendea Restuta, nikamrudishia funguo zake. Ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu, kwa hiyo shikamoo sikumpa. Hata yeye asingeipokea.

"Habari za asubuhi, bosi," nikamwambia. "Lori tulipakie, au twende zetu nyumbani?"

Hakuna aliyegusa gunia. Wote tulimtazama Restuta, tukisubiri aseme. Na Bwana Kornelio naye, apende asipende, akawa anasubiri.