Vidonge vya Kwenye Mkoba

Mpishi alikuwa mtu wa kutafutia kila jambo dawa. Katika shule ya bweni alikopikia watoto mia nne, aliyeungua alikimbilia kwake, aliyeumwa tumbo alikimbilia kwake, hata walimu wenye mafua walipita jikoni kabla ya kwenda zahanati. Kwa hiyo mke wa kaka yake alipoanza matibabu ya saratani ya titi, hakuna aliyeshangaa kumwona akiomba likizo na kuhamia kwao na begi moja. Kaka alikuwa dereva wa lori la masafa, wiki nzima yuko barabarani. Mkewe, fundi cherehani wa miaka thelathini na miwili, asingeweza kubaki peke yake.

Waliitana wifi, na hawakuwa na adabu ya mawifi. Utani wao ulikuwa wa kuchoma.

Dripu ya tatu ya dawa za saratani iliwekwa Jumanne. Muuguzi wa wodi, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, aliwapa vidonge vya kuzuia kutapika na kuwaeleza polepole: hivi asubuhi na jioni, hivi vingine kimoja tu, kichefuchefu kikizidi, na visipite vitatu kwa siku.

"Vikishindwa, nipigieni simu," alisema. "Msijiongezee wenyewe."

Wote wawili wakatikisa vichwa kama wanafunzi wazuri.

Alhamisi, Fundi alitapika mpaka ikawa inatoka nyongo tupu. Alikaa sakafuni bafuni, shavu amelibandika kwenye vigae kwa kuwa vilikuwa baridi. Vidonge vya hospitali alikuwa amevinywa vyote kama alivyoambiwa, na hali ilikuwa ile ile.

"Ngoja nimpigie muuguzi," Mpishi alisema.

"Usithubutu. Wataona mwili umeshindwa, waniahirishie dripu. Mimi nataka haya mambo yaishe, wifi."

Mpishi alisimama mlangoni na taulo mkononi, ndipo akakumbuka mkoba wake. Mwaka uliopita alikula kitu kibaya kazini, akatapika siku mbili, na vidonge alivyoandikiwa vilibaki karibu karatasi mbili nzima. Boksi lilikuwa la kijani na jina lake halikufanana na lolote walilopewa wodini. Yeye vilimponya. Vingemdhuruje mwenzake?

Akampa viwili kwa mpigo. Baada ya saa moja Fundi alikuwa amelala fofofo, na Mpishi akajiona bingwa. Jioni akampa viwili tena, na Ijumaa asubuhi viwili vingine, vyote juu ya vile vya hospitali.

Ilipogonga saa nne, Fundi akawa hatulii. Anakaa, anasimama, anazunguka meza, anakaa tena.

"Wifi, miguu inataka kukimbia bila mimi."

Mpishi alicheka. Kicheko hakikufika mwisho, kwa sababu taya la Fundi lilianza kuvutwa upande. Shingo ikageukia kushoto na kukaza kama imefungwa kamba, macho yakapanda juu yakagoma kushuka. Fahamu zake zote alikuwa nazo. Machozi yalimtiririka, alitaka kuita, ulimi haukumtii.

"Kiharusi hicho!" jirani alipiga kelele kutoka dirishani, akakimbia kuita teksi.

Hospitali walipokelewa haraka. Muuguzi yule yule alimlaza Fundi kitandani na kumgeukia Mpishi.

"Amekunywa dawa gani nyingine?"

"Zile mlizompa tu."

Jibu lilimtoka kabla hajalifikiria. Aliubana mkoba kwapani na kutazama chini. Watu wangesemaje? Kaka yake angesemaje? Yeye anayeaminiwa na shule nzima!

Daktari alikuja, kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Alimulika macho ya Fundi, akampima nguvu za mikono na miguu, akakunja uso. "Apelekwe kipimo cha kichwa," alimwambia muuguzi. "Lazima tujue kama ugonjwa umefika kwenye ubongo."

Fundi alisikia. Hakuweza kugeuka wala kusema, ila mkono wake ulipapasa shuka, ukaupata mkono wa Mpishi na kuung'ang'ania kwa nguvu zote. Mwenzake alikuwa anakufa kwa hofu ya kitu ambacho huenda hakikuwepo.

"Daktari, nisamehe. Nimedanganya." Akafungua mkoba, akatoa boksi la kijani. "Nimempa hivi. Viwili viwili, mara tatu tangu jana."

Daktari alisoma herufi ndogo zilizo chini ya jina kubwa, kisha akampa muuguzi naye asome.

"Ni dawa ile ile tuliyompa sisi," alisema. "Kampuni nyingine, jina jingine la boksi. Imemzidi. Ikizidi, inaweza kukaza misuli ya shingo na taya, hasa kwa vijana. Kuna sindano ya kuifungua."

Mpishi alingoja kufokewa. Hakuna aliyemfokea. Muuguzi alimchoma Fundi sindano hiyo kwenye mshipa, akavuta kiti, akamsukumia Mpishi. "Kaa, mama. Umesema mapema, umetusaidia."

Wakangoja. Baada ya kama robo saa, macho ya Fundi yalishuka. Taya likalegea, kisha shingo ikarudi taratibu. Alijilamba midomo.

"Wifi," alisema kwa sauti ya kukwaruza, "ulitaka nigeuke bundi?"

Mpishi aliangua kilio pale pale, akaficha uso kwenye shuka la mgonjwa.

"Acha, mwenyewe nina makosa," Fundi aliendelea. "Nilikukataza kupiga simu."

"Kwa nini?" muuguzi aliuliza. Fundi alipomweleza kuhusu kuahirishiwa dripu, muuguzi alishusha pumzi ndefu. "Mwanangu, kutapika si kushindwa. Tunabadilisha dawa ya kutapika, dripu inaendelea. Lakini nitabadilishaje kitu ambacho sijaambiwa?"

Walilala wodini siku moja, wakiangaliwa. Kabla ya dripu ya nne, Fundi alipimwa mapigo ya moyo kwa mashine, maana dawa mpya ya kuzuia kutapika husumbua mioyo ya baadhi ya watu. Mpishi alikuja na kila dawa iliyokuwamo nyumbani, zote zimejaa kwenye bakuli la plastiki lenye mfuniko.

Muuguzi aliinua kichupa. "Hata mafuta ya kuchua mgongo?"

"Hata hayo. Sitaki mchezo tena."

Safari hii Fundi alipewa dawa hiyo kama kinga kabla dripu haijaanza, hawakungoja tumbo lichafuke. Jumamosi asubuhi Mpishi alipiga simu wodini bila kusubiri mambo yaharibike.

"Ametapika mara moja tu," aliripoti. "Amekula viazi viwili. Kichwa kinamgonga kidogo."

"Na kingine?"

Mpishi alisita, akageukia chumbani. Madirisha yote yalikuwa wazi na jirani alikuwa anaanika nguo.

"Mwambie choo!" Fundi alipaza sauti kutoka kitandani. "Siku ya tatu leo sijapata choo! Usinifichie kitu, wifi!"

Jirani alidondosha kibanio cha nguo. Muuguzi alicheka simuni mpaka akakohoa, kisha akaanza kumweleza Mpishi la kufanya, na Mpishi akaandika kila neno.