Sifuri za Ijumaa

"Lakini umesharipoti sifuri," afisa wa wilaya aliniambia kwa mara ya tatu, kwa upole wa muuza duka anayemweleza mtoto kwamba peremende zimekwisha.

Nilikuwa nimesimama kwenye baraza ya zahanati, simu sikio moja, kidole kimeziba la pili. Nyuma yangu, katika chumba cha sindano, watu wanane walilala juu ya mikeka na mabenchi, wanaharisha maji matupu. Mmoja wao alikuwa mama mdogo, aliyenilea tangu nina miaka minne. Tulikuwa tumebakiwa na dripu moja.

"Nimekosea, bosi. Nataka kuibadilisha."

"Wiki imefungwa. Mfumo haukubali. Subiri Jumatatu ijayo."

"Hawa watu watafika hiyo Jumatatu?"

"Basi andika barua ya masahihisho, mkuu wako wa zahanati aisaini."

Mkuu wangu alikuwa huko huko wilayani, ndani ya suti, anapokea cheti kwa niaba yetu: zahanati iliyotuma ripoti kwa wakati wiki hamsini na mbili mfululizo. Miaka kumi na moja imepita, na nikikumbuka bado natamani kucheka, ila kicheko hakiji.

Mimi ndiye niliyekuwa karani wa takwimu. Kila Jumatatu, kabla ya saa nne asubuhi, nilituma kwa simu idadi ya wagonjwa wa yale magonjwa kumi na mawili yanayoinyima serikali usingizi: kipindupindu, surua, kichaa cha mbwa na ndugu zao. Kama hakuna mgonjwa, unaandika sifuri. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa. Aliyechelewa alisemwa kikaoni mbele za watu hadi akatamani ardhi immeze, lakini aliyekosea hakuulizwa na mtu, maana namba zenyewe hakuna aliyezisoma. Katika miaka miwili afisa yule hakuwahi kuniuliza ni wagonjwa wangapi. Aliuliza saa ngapi, basi. Tulimwita Bwana Saa.

Nikajifunza ujanja. Wala sikuubuni mimi, niliurithi kwa karani aliyenitangulia, pamoja na funguo na muhuri. Ijumaa mchana naandika sifuri kumi na mbili, nazihifadhi kwenye simu. Jumatatu nabonyeza tu, chai mkononi. Jumamosi na Jumapili hata nisipojua kilichoingia zahanati, ripoti iko tayari. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Jumamosi ile wakaja watu wawili, Jumapili mmoja, wote kutoka mtaa wa bomba la chini. Muuguzi wa zamu akawatundikia dripu, akawaandika vizuri kabisa kwenye daftari kwa wino mwekundu, akapiga na mstari. Jumatatu asubuhi daftari lilikuwa mezani kwangu. Niliweka kikombe juu yake, nikabonyeza.

Na bila ripoti hakuna kilichotoka wilayani, si dripu, si gari, si fundi wa kufunga bomba lenye uchafu. Kwa mujibu wa simu yangu, mtaa mzima ulikuwa na afya njema. Kufika saa tano watu walikuwa wakishushwa mlangoni mmoja mmoja, na mama mdogo akaletwa na baba mdogo juu ya mkokoteni wake wa kubebea mbao. Macho yalikuwa yamezama, midomo mikavu, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Usinitolee macho," aliniambia. "Kafanye kazi yako."

Ndipo nikaenda barazani kubishana na Bwana Saa, nikakatiwa simu. Niliporudi ndani, muuguzi alikuwa anamtundikia dripu ya mwisho mama mjamzito. Mama mdogo alinyweshwa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko. Hayakukaa tumboni.

Nikampigia tena Bwana Saa. Safari hii sikumpa nafasi ya kuanza wimbo wake.

"Sikiliza. Ile sifuri niliiandika Ijumaa. Na zote za miaka miwili niliziandika Ijumaa, daftari hata sijalifungua. Nifukuze kazi ukitaka, lakini tuma gari leo."

Kwa mbali nilisikia makofi, nadhani ukumbini walikuwa bado wanagawa vyeti.

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Na zahanati nyingine?"

"Waulize wenyewe. Gari kwanza."

Akashusha pumzi ndefu. Alipozungumza tena, sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo zaidi.

"Ripoti ya wilaya nzima," akasema, "mimi huiandaa Alhamisi."

Hasira yote niliyokuwa nimemwekea ilikosa pa kwenda, ikanirudia.

Gari lilifika saa kumi na moja jioni, na dripu maboksi manne, dawa ya kutibu maji na fundi wa bomba. Mama mdogo alikuwa amefariki saa kumi na dakika ishirini. Wale saba walipona, na mtoto wa yule mjamzito sasa anasoma darasa la tano. Barua ya kunifukuza haikuja kamwe, kwa kuwa ingebidi mtu aeleze sababu. Cheti kilitundikwa mapokezi, nami nilipita chini yake kila siku nikisaga meno.

Jumatatu iliyofuata nilikaa na daftari, nikahesabu kwa kidole mstari kwa mstari, nikatuma saa nne na nusu. Baba mdogo alikuja mchana. Akakaa kwenye benchi langu, vumbi la mbao bado liko kwenye nyusi, akaitazama ile simu muda mrefu.

"Ripoti yenu hiyo, mama yako mdogo yumo?"

"Yumo, baba mdogo."

"Wameandika jina lake?"

"Hayaandikwi majina. Ni idadi tu."

"Idadi yake ngapi?"

"Moja," nikasema.