Mkubwa wa Ukoo wa Haddad

Barua ya kwanza ilimchukua Shangazi mchana mzima, maana kaka yake alimsimamia begani na kila sentensi akaitia kasoro. Kufikia ya hamsini alikuwa akiichapa huku anaongea na watu. Maneno yalikuwa yale yale: Mimi ni Haddad, mwana wa Haddad. Babu yangu alikuwa mhunzi. Binti yangu ana miaka kumi na minne, ana saratani ya damu, na anahitaji uboho wa ndani ya mifupa kutoka kwa mtu anayelingana naye. Kama nawe ni Haddad, wewe ni ndugu yetu. Tafadhali nenda ukapimwe.

Shangazi alikuwa mhazili wa shule ya sekondari. Ofisi yake ilikuwa na dirisha moja lililotazamana na choo cha walimu, na kompyuta iliyowaka siku inayojisikia. Mwalimu mkuu alimruhusu kuitumia baada ya masomo, bora tu asimalize wino wa kuchapia. Basi kila siku saa tisa mchana kaka yake aliingia bila kubisha hodi, nyusi zimejaa vumbi la chuma, akavuta kiti cha wageni na kusema, "Leo tuko nchi gani?"

Mtaani aliitwa Fundi, na kwa kweli hakukuwa na haja ya kumwita jina jingine. Alichomelea mageti, madirisha, vitanda, na mara moja mguu wa bandia wa jirani uliovunjika siku ya harusi ya mwanawe. Hakuwahi kumwambia mteja kwamba kitu hakitengenezeki. Alikiangalia, akakigeuza, akaguna, kisha akasema njoo kesho kutwa.

Sasa mtoto wake wa mwisho alikuwa amelala wodini kwa mwezi wa nne, na hapakuwa na pa kushika. Walianza kujipima wenyewe: Fundi, mkewe, vijana wao wawili, Shangazi. Wote walipitishwa vijiti vya pamba ndani ya mashavu, na wote wakakosa kulingana naye. Daktari wa damu akatafuta kwenye orodha za watu waliojitolea kutoa uboho, huko na huko duniani, akakosa. Akasema sasa ni kusubiri, huenda atajiandikisha mtu. Kusubiri ni dawa nyepesi sana kwa yule anayeiandika. Fundi aliitikia kwa adabu, akatoka nje, akarudi karakana na kukata bomba zima vipande vipande bila sababu.

Wiki iliyofuata ndipo alipolikumbuka jina. Aliliandika kwenye simu ya Shangazi, na akina Haddad wakamwagika: Siria, Lebanoni, Iraki, Algeria, Tunisia, halafu ng'ambo kabisa, Brazili, Ajentina, Marekani. Madaktari, wauza nguo, wachezaji mpira, mwanamke mmoja mwenye kiwanda cha sabuni. Fundi aliwaangalia kama mtu aliyefunguliwa ghala. Alichora ramani ya dunia kwa chaki kwenye bati la karakana, bara moja likamshinda akalifanya mviringo tu, na kila Haddad aliyejibu barua alipata nukta yake.

Nao walijibu, hilo ndilo lililokuwa ajabu. Si wote, lakini wengi. Simu ilitafsiri barua zao kwa Kiswahili cha ajabuajabu, na karibu kila mmoja aliandika jambo lile lile: ndiyo, kwetu pia tunasikia babu wa mababu alikuwa mhunzi.

"Unaona!" Fundi alipiga meza hadi kikombe kikaruka. "Mhunzi! Hiyo damu hiyo, mdogo wangu. Damu haipotei."

Shangazi naye aliamini. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, hakuwa na mtoto wa kumzaa, na yule binti ndiye aliyekuwa wake kwa kila hali isipokuwa cheti. Angeamini hata angeambiwa dawa iko chini ya bahari.

Binti mwenyewe nyumbani walimwita Wakili, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza. Alibishana na walimu, na makondakta, na redio. Pale wodini alibishana na manesi kuhusu sindano, na walimpenda kwa hilo, kwa kuwa siku anayonyamaza walijua ana homa. Nywele zilikuwa zimekwisha. Mikono ilikuwa imebaki mirefu tu.

Mchana mmoja Shangazi alimpelekea uji, akamkuta amekaa kitako na simu mapajani.

"Shangazi, funga mlango."

"Umefanya nini tena?"

"Mimi sijafanya. Ni baba." Akaigeuza simu. "Haddad maana yake mhunzi. Basi. Ni kazi, siyo ukoo."

Shangazi akaweka uji mezani. "Nani kakwambia?"

"Nimesoma, sehemu tatu tofauti. Zamani mtu alijulikana kwa kazi yake. Mhunzi wa mji huu akaitwa Haddad, na mhunzi wa mji wa mbali naye akaitwa Haddad, na hawakuonana hata siku moja. Kila mji una mhunzi, si wote wanataka majembe? Watoto wakabaki na jina, hata walioacha nyundo. Wakahama nalo. Ndiyo maana wako kila mahali, wako Wakristo, wako Waislamu, wako mpaka Wayahudi. Halafu baba anawauliza babu yako alifanya kazi gani, wanamwambia mhunzi. Walitakiwa waseme nini, mwoka mikate?"

Shangazi alicheka, kisha akaacha ghafla. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Barua mia moja na kumi na tisa. Alizichapa zote kwa vidole vyake.

"Lazima nimwambie," alisema.

"Usimwambie."

"Wakili, mwanangu, anajichosha bure."

"Najua. Usimwambie." Kwa mara ya kwanza sauti ya mtoto haikuwa ya kubishana. "Akiacha zile barua atakuja kukaa hapa. Ile wiki ya kwanza alikaa, hukumwona wewe. Alikaa na mikono hivi, ananitazama tu, mpaka nikajifanya nimelala. Mwache aandike, Shangazi. Mimi sitaki kumwona vile tena."

Shangazi alimpa kijiko cha uji, mtoto akapokea bila ubishi, na hilo lenyewe lilimuumiza. Saa tisa alikuwa ofisini, na kaka yake alipouliza leo tuko nchi gani, alijikaza akamjibu, "Tunisia, kaka." Alijiona mwongo na mwoga. Hakulijua jambo jingine la kufanya.

Ndipo akatokea Matairi.

Matairi alikuwa Haddad wa Brazili, muuza matairi, bonge la mtu, na barua haikumtosha. Alipiga simu ya picha, akaonekana amekaa mbele ya ukuta mzima wa matairi, analia na kucheka kwa pamoja. Alitaka kumwona Wakili, akaonyeshwa picha yake ya zamani. Alitaka kujua nani mkubwa wa ukoo upande huu. Simu ilipotafsiri swali hilo, Fundi hakupepesa macho.

"Mimi," alisema.

Toka hapo Matairi hakumwita jina jingine. Mkubwa wa ukoo, habari za asubuhi. Mkubwa wa ukoo, binti yetu amekula? Kesho yake alifunga duka akaenda kupimwa, akajiandikisha kwenye orodha ya wachangiaji, akatuma picha ya shavu lake kana kwamba lenyewe ndilo lililofanya kazi. Aliapa: uboho huu ni wa binti yetu, hautatoka kwa mtu mwingine.

Wiki sita za kungoja matokeo Fundi alikuwa mtu mwingine. Aliimba akichomelea, na hakuwa na sauti ya kuimba. Alimnunulia Wakili kofia mbili. Shangazi alimtazama, naye moyoni alikuwa ameanza kujidanganya. Kwani haiwezekani? Mtu yeyote duniani si anaweza kulingana na mtu yeyote?

Matokeo yakaja. Hawalingani hata karibu.

Fundi hakuonekana ofisini siku mbili. Ya tatu aliingia saa tisa kamili, akavuta kiti. "Andika," alisema. "Wa Ajentina hatujawamaliza."

Miezi miwili ikapita hivyo. Wakili alihamishiwa chumba chenye kioo, ambako mgeni aliingia mmoja mmoja, amejifunika mdomo. Daktari hakusema tena kusubiri. Alimwita Fundi na mkewe pembeni akasema wahesabu wiki, wasihesabu miezi, na mke wa Fundi akamuuliza wiki ngapi, na daktari akatazama viatu vyake.

Barua ya Matairi iliingia siku hiyo hiyo. Shangazi aliisoma kwanza peke yake, akatamani kuifuta, kisha akamsomea kaka yake kwa sauti.

Mkubwa wa ukoo, aliandika, wale wa orodha wamenipigia. Yuko mgonjwa mahali, hawaniambii nani wala wapi, uboho wangu unalingana naye kabisa. Wanataka nikatoe mwezi huu. Lakini mimi niliapa kwamba uboho huu ni wa binti yetu. Huenda daktari wenu akapima tena. Huenda walikosea. Nikitoa sasa, sitatoa tena mpaka muda upite. Sitafanya kitu bila ruhusa yako. Wewe ndiye mkubwa, sema nimpe nani.

Fundi alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Soma tena," alisema.

Akasoma tena. Fundi akainuka, akaupiga mlango teke, akatoka. Na tusimlaumu. Nusu mwaka alizunguka dunia nzima akiomba, kila mlango umefungwa, na leo kwa mara ya kwanza mtu anamwomba yeye. Anaombwa ruhusa ili mtoto wa mwenziwe apone. Alichukia, alimwambia Shangazi baadaye, alimchukia huyo mgonjwa asiyemjua kama mtu anavyomchukia mwizi.

Siku tatu hakujibu. Matairi aliuliza mara mbili, kwa unyenyekevu. Siku ya pili Fundi alimfuata daktari wa damu mpaka kwenye maegesho ya magari, Shangazi yuko nyuma yake, akamuuliza kama yule mtu anaweza kupimwa upya.

"Anaweza," daktari alisema. "Jibu litakuwa lile lile. Hicho ni kipimo, mzee wangu, hakibadilishi mawazo."

"Na nikimwambia asubiri kidogo tu? Mpaka..." Hakumalizia mpaka nini.

Daktari aliweka mkoba wake juu ya gari. "Huyo mgonjwa mwingine naye atakuwa na daktari wake," alisema, "amemwambia kuna mtu amepatikana. Sijui kama mnanielewa."

Walimwelewa.

Siku ya tatu, saa tisa, Fundi alivuta kiti cha wageni. Nyusi zilikuwa safi. Hakuwa amefanya kazi.

"Andika."

Shangazi akaanza mwenyewe, kwa mazoea: Ndugu yetu mpendwa.

"Futa hilo. Andika, Bwana." Alisubiri dada yake afute. "Bwana. Mimi na wewe si ndugu. Haddad ni jina la kazi. Babu yako alifua chuma kwao, na babu yangu alifua chuma kwao, na hawakujuana. Mimi si mkubwa wako, na ahadi uliyonipa nakurudishia. Nenda ukampe huyo mgonjwa. Nenda wiki hii, usiulize mtu."

Shangazi aliacha kuchapa. Alimgeukia. "Ulijua?"

"Baba alituambia tukiwa wadogo. Wewe ulikuwa ungali unabebwa mgongoni."

"Tangu barua ya kwanza? Zote hizi?"

"Zote." Hakumtazama, alitazama dirisha na mlango wa choo cha walimu. "Nilitaka watu wengi wapimwe. Elfu, labda katika elfu angepatikana mmoja. Ningewaandikia kwamba mimi ni fundi mageti, hamnijui, nendeni mkachomwe sindano kwa ajili ya mwanangu? Nani angetoka nyumbani kwake? Mtu hatoki kwa ajili ya mgeni. Kwa ndugu anatoka."

Shangazi alitaka kumwambia kwamba yeye pia alijua, na kwamba mtoto ndiye aliyegundua, na kwamba katika nyumba yao nzima aliyekuwa haongopi kwa mapenzi labda ni mama mtu peke yake, naye ni kwa kuwa hakuwa anasema lolote. Badala yake alimalizia barua, akairuhusu simu itafsiri, akaituma. Ilikwenda kwa sekunde moja. Hazikupita dakika kumi, jibu likaja, fupi. Nitakwenda, Matairi aliandika. Lakini mimi nitaendelea kukuita ndugu.

"Kumebaki nchi gani?" Shangazi aliuliza. Aliuliza ili pawe na swali.

"Hakuna. Wote tumeshawaandikia."

Alikaa. Mikono ile mikubwa iliyojaa makovu ya cheche ilikuwa juu ya magoti, haina kazi, na Shangazi alijua sasa ndivyo mtoto alivyomwona ile wiki ya kwanza. Saa ya kuona wagonjwa ilikuwa imeshaanza. Mke wake alikuwa kwenye kioo toka asubuhi, akingoja wa kumpokea.

Fundi alikuwa kaka mkubwa. Ndiye aliyemsomesha Shangazi, ndiye aliyempeleka shule kwa baiskeli, na katika maisha yao yote hakuwahi kumwomba dada yake kitu chochote zaidi ya kuchapa barua.

"Twende wote," alisema. "Utaniombea kwa manesi tuingie wawili. Peke yangu siwezi kumtazama."