Namba ya Mwalimu

Mwalimu mkuu mstaafu alikuwa ndiyo kwanza ametimiza siku moja tangu apasuliwe moyo, mipira imemtoka kila upande, na tayari alikuwa anaamrisha watu.

"Mwanangu," alimwambia muuguzi, "hii damu unayoninyonya kila baada ya saa mbili unaipeleka wapi?"

Muuguzi akamweleza. Anapima lakteti, kitu kinachojazana kwenye damu viungo vya mwili vikikosa hewa ya kutosha. Ikishuka haraka baada ya upasuaji, mgonjwa yuko njiani kupona. Ikigeuka na kupanda, kuna jambo, pengine damu inavuja ndani. Jana jioni ya Mwalimu ilikuwa nne nukta nane. Asubuhi hii, mbili nukta tano.

Mwalimu akawaza kidogo. "Wanangu wakija, waambie inapanda wakigombana."

"Mwalimu! Huo si uongo?"

"Nimefundisha miaka thelathini na nane. Huo unaitwa nidhamu."

Wanawe, watu wazima wenye mvi, walikuwa wanatupiana mzigo tangu mama yao alazwe. Mkubwa alisema mama akitoka aende kwa mdogo, maana kwake kuna ngazi. Mdogo alisema haiwezekani, kwake kuna mbwa. Saa nne asubuhi waliingia, na kabla hawajamsalimu mama yao vizuri, ngazi na mbwa vikaanza. Muuguzi, ambaye alikuwa ametoka kuvuta damu, bomba la sindano bado mkononi, akasema bila hata kutabasamu, "Jamani, mkigombana namba ya mama inapanda."

Mkubwa akamsogezea mdogo wake kiti. Mdogo akakiri kwamba mbwa anaweza kufungwa. Mwalimu, macho kafumba, akawa anaguna kila sauti ilipopanda, na sauti zikashuka zenyewe. Muuguzi akakimbilia kwenye ukumbi, akaweka bomba dirishani ili ajishike mbavu vizuri, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Halafu akaitwa kitanda cha pili.

Alipokumbuka kuitia ile damu kwenye mashine, saa nzima ilikuwa imepita. Tatu nukta mbili.

Daktari mpasuaji aliisoma akiwa amesimama. Mwezi uliopita muuguzi huyuhuyu alimpigia kelele kuhusu namba kama hiyo, yeye akasema tusubiri, na mgonjwa hakuamka tena. Tangu siku hiyo hakusubiri.

"Andaeni chumba. Tunamfungua tena."

Wana wa Mwalimu wakamkamata mlangoni, mmoja huku, mwingine kule.

"Daktari, ni mimi! Nilipaza sauti!"

"Hapana, ni mimi na mbwa wangu!"

"Mbwa gani?" daktari akauliza, akawapita.

Muuguzi alitazama mashine ya pembeni ya kitanda. Presha nzuri. Mpira wa kifuani ulikuwa umetoa damu kidogo mno. Akatazama dirisha la ukumbini, na jua lililokuwa limejaa pale. Akaelewa. Angeweza kunyamaza, nani angejua? Daktari huyu alikuwa hamwamini mtu hapa wodini ila yeye.

Akamfuata mpaka kwenye sinki, alipokuwa ameshaanza kusugua mikono.

"Daktari, ile namba si ya mgonjwa. Damu niliisahau juani saa nzima. Ikikaa kwenye bomba inaendelea kutengeneza lakteti yenyewe."

"Uliisahau? Wewe?"

"Nilikuwa nacheka."

Daktari alifunga bomba la maji taratibu. Hakugomba, na hilo lilimuumiza muuguzi zaidi. "Vuta nyingine. Ukimbie."

Alikimbia. Mashine ilichukua dakika mbili, na katika dakika hizo muuguzi aliomba kila alichojua kuomba. Moja nukta nane.

Daktari akaitazama namba, akamtazama yeye. "Andika kosa lako kwenye kitabu, kwa mkono wako. Na inayofuata, uvute wewe. Sitaki ya mtu mwingine."

Muuguzi alirudi kitandani kwa Mwalimu. Mwalimu akafumbua jicho moja.

"Wanangu wako wapi?"

"Nje. Wanagombania nani akuchukue."

"Mie nakwenda kwangu," Mwalimu akanong'ona. "Lakini usiwaambie kwanza. Wala ile ya namba."

"Siwaambii," muuguzi akasema, akiketi. "Ukweli niliousema leo unanitosha."