Bendi Ikishamaliza

Kwetu Hebron, Mississippi, asikudanganye mtu kwamba watu huenda uwanjani kutazama mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kubebwa mikononi na kuangushana. Huenda kutazama bendi. Timu ya chuo chetu inaweza kuchapwa mpaka ukaionea huruma, lakini mapumziko yakifika na wale vijana wakaingia na matarumbeta na ngoma zao, hata mwenye baridi yabisi hucheza. Bendi ikishamaliza, jukwaa la watazamaji linamwagika. Watu wanarudi kwenye maegesho ya magari, kwenye majiko yao ya mkaa, mbavu za nguruwe na kambare wa kukaanga, na wachezaji wanaachwa wacheze wenyewe kwa wenyewe kipindi cha pili. Ndivyo tulivyolelewa.

Isipokuwa kaka yangu, Odell Burrage. Yeye hakuwa mtu wa kuondoka mapumziko.

Mwanawe, Terrion, alikuwa mwaka wa nne kwenye timu, na kwa muda wote huo hakuwahi kukanyaga uwanja siku ya mechi. Wenzake walifuatwa makwao na kulipiwa masomo. Yeye alikwenda kuomba mwenyewe, akapewa jezi namba arobaini na nne, na kazi yake ikawa kugongwa mazoezini ili wakubwa wajifunze kugonga. Jumamosi anakaa benchi, jezi safi kama imetoka dukani, na baba yake yuko juu na mto wake wa kukalia mpaka filimbi ya mwisho.

"Nataka nimwone amebeba mpira mara moja tu, Verlene," Odell alikuwa akiniambia. "Nimwone kwa macho yangu. Baada ya hapo hata Bwana akiniita, naenda."

"Nenda na mto wako," nilikuwa namjibu, maana mtu huyo ukimwachia atakuliza kabla ya mechi kuanza.

Msimu wenyewe ulikuwa balaa. Mechi ya kwanza tulichapwa kwenye jua kali. Ya tatu, mkimbiaji wetu mkubwa, yule wa kupewa mpira mikononi na kupenya nao, alivunjika kifundo cha mguu. Oktoba, siku ya kuwakaribisha waliosoma zamani, tuliongoza mpaka dakika ya mwisho, halafu tukanyang'anywa ushindi mbele ya mji mzima. Kila mkimbiaji alipoumia, maana nafasi ya Terrion ni hiyo hiyo, Odell alinyanyuka kidogo kwenye mto wake, na kila mara Kocha Pettway alimpita Terrion kama anayepita kiti, akamchukua mwingine. Nilimchukia mtu yule. Bado namchukia, na kanisani tunakaa safu moja.

Marafiki hawakumwacha Odell apumue. "Unalinda nini huko juu?" Deke alikuwa akimwuliza, yule mwenye jiko kubwa kuliko gari lake. "Mwanao kazi yake kupasha benchi joto. Hata ukiondoka, halipoi."

"Choma nyama, Deke," Odell alijibu. "Mambo ya mpira tuachie wenye watoto."

Ikafika mechi ya mwisho, ile ambayo vijana wa mwaka wa nne huagwa. Kabla mechi haijaanza, kila mmoja huvuka uwanja ameshikana mikono na wazazi wake. Mama yake Terrion tulishamzika, Mungu amlaze pema, kwa hiyo nikashika mkono wa pili mimi, na kofia yangu ya Pasaka kichwani. Kipaza sauti kikasema, "Terrion Burrage, mwana wa Odell Burrage." Kaka yangu akalia bila hata kujificha. Mimi nilidhani hiyo ndiyo zawadi yake na imekwisha. Nadhani naye alijilazimisha kudhani hivyo.

Pale pembeni Terrion akamwambia, "Baba, kocha ameshaniambia. Leo pia sichezi."

"Haidhuru. Nitakuwepo."

"Mvua inakuja. Bendi ikimaliza, nenda kwa kina Deke ukale."

"Nimesema nitakuwepo."

"Baba, nakuomba. Nikikuona unalowa huko juu bure, kwa ajili yangu, naona aibu."

Odell akavuta mikono ya sweta yake ya chuo. Neno hilo aibu lilimwingia, nilimwona.

Bendi ikapiga ikamaliza. Watu wakashuka. Odell akabaki amekaa, manyunyu yanamwangukia kichwani, anautazama mgongo wa mwanawe kwenye benchi. Kisha akasimama. "Mtoto kaniomba," akasema. "Na sitaki aone aibu leo." Akauacha mto wake pale pale. Mimi nikabaki, si kwa uaminifu, ni magoti. Ngazi zile nazipanda mara moja kwa siku na kuzishuka mara moja.

Mpira ulikuwa unakaribia kwisha, tumeshachapwa vibaya, mvua inamwagika kweli, ndipo mkimbiaji wetu alipoteleza akabaki chini ameshika bega. Kocha akatazama benchi kama mtu anayetafuta mwavuli wowote uliopo. Akaita arobaini na nne.

Kipaza sauti kikatangaza jina letu. Nikageuka kutazama ngazi. Hakuna mtu.

Wakampa mpira. Akakata kushoto, akalizunguka jitu moja nene, wa pili akamdaka jezi, Terrion akamburuta, akamburuta, ndipo wakamwangusha watatu kwa pamoja. Yadi kumi na moja kwenda mbele! Jezi ilikuwa tope tupu. Akainuka, akageuka, akatazama juu kwetu. Nikapunga mikono yote miwili, nikamwita mpaka sauti ikakatika. Hakunitazama mimi. Alikuwa anautazama ule mto.

Mpira uliofuata mwenzake aliudondosha, wapinzani wakauchukua, wakakaa nao mpaka filimbi. Terrion hakupata mwingine.

Odell alitokea juu ya ngazi anahema, anachechemea. Jina alilisikia huko kwenye maegesho. Alitupa sahani akakimbia, na mlinzi wa mlango akamsimamisha atafute tiketi yake, mfuko mmoja baada ya mwingine.

"Yuko wapi?"

"Ameshatoka, Odell."

Alikaa kwenye ngazi, kwenye maji. Nilitaka kumgombeza, maana ndiyo tabia yangu, lakini uso wake ulinifunga mdomo. Moyo wangu uliniuma kuliko siku tuliyomzika mkewe, na sioni haya kulisema.

Akaniuliza, "Alikwenda upande gani?"

"Kushoto."

"Halafu?"

Nikamweleza. Akataka nirudie. Akauliza yule mnene alimzunguka vipi, akauliza waliomwangusha walikuwa wangapi, anaitikia kwa kichwa taratibu kama mtoto anayekariri aya ya shule ya Jumapili.

Jioni tulikula kwangu. Nilipika kuku na sukuma wiki yenye nyama ya nguruwe. Terrion alikuwa ameoga. Odell alikuwa bado na sweta yake ya chuo, hakutaka kuivua.

"Nilikuona," akamwambia mwanawe. "Ulikata kushoto. Ukamzunguka yule mnene. Wa pili ukamburuta, ikabidi waje watatu. Nikawaambia watu, huyo ni wangu."

Terrion akaweka uma chini. Akamtazama baba yake, akanitazama mimi. Mimi nikamtazama kuku.

"Na mimi nilikuona, baba," akasema. "Ulisimama kabla ya watu wote."

"Nilisimama," Odell akasema.

Kwenye mkono wa sweta yake, toka kiwiko mpaka kiganja, mchuzi wa mbavu za Deke ulikuwa umemkaukia. Mwenyewe hakuwa na habari. Terrion akalowesha kitambaa kwenye glasi yake ya maji, akaushika mkono wa baba yake, akaufuta polepole mpaka doa likatoka. Hakuuliza limetoka wapi.