Unga wa Libero

Kwao Carrara, Italia, vumbi la marumaru halikumtisha mtu. Baba yake Oreste alilimeza tangu ujana mpaka uzeeni, na kilichokuja kumwua ni teke la nyumbu. Kwa hiyo Oreste na wachongaji wenzake walipohamia Marekani, kwenye vibanda vya kuchongea mawe ya makaburi vya Barre, walilicheka vumbi la huko pia. Lakini jiwe la Barre si marumaru. Ni itale, gumu kama roho ya mwenye nyumba. Baridi ikianza milango hufungwa, vumbi hubaki ndani na watu, na wachongaji wakawa wanazikwa kabla ya mvi.

Sasa ilikuwa zamu ya Oreste, yuko kitandani anakohoa. Mkewe, Argia, alikuwa amemwapisha kwamba mtoto wao wa pekee, Libero, hatakanyaga kibandani. Libero naye alisema amepata kazi kwa mwokaji mikate. Kila jioni alirudi na mkate, mweupe kuanzia nyusi mpaka viatu, na Argia akiuona ule unga moyo wake unatulia. Aliwaringia majirani mpaka wakamchoka.

Jumamosi moja alilowesha shati la mwanawe kwenye beseni. Unga ukilowa hunata. Huu ulizama chini. Akaupekecha kwa vidole, ukamkwaruza kama mchanga.

Alikwenda mpaka chumbani, akamwekea mumewe kiganja kibichi chenye ule unga mbele ya uso.

"Hiki nini, Oreste?"

Oreste alikitazama, kisha akageukia ukutani.

"Nilimpa patasi zangu. Ana mkono wa babu yake, Argia. Ungemwona malaika aliyemchonga."

"Si uliniapia wewe?"

"Nilikuapia akiwa keshaanza."

Libero akaingia na mkate kwapani, anapiga mluzi. Alipoiona sura ya mama yake mluzi ukakatika. Argia hakumfokea. Alitaka kujua jambo moja tu, na aliogopa kuliuliza kuliko alivyowahi kuogopa kitu maishani.

"Tangu lini, mwanangu?"

Libero akafungua mdomo amjibu, lakini kikohozi kikamtangulia.